Kamba ya kiatu isikuumbue mjini!

MJINI hapa mtu hutazamwa kuanzia miguuni kwenda juu. Unaweza kuwa umepiga pamba za nguvu, shati limenyooka, nywele zimechongwa na kinyozi anayeijua kazi yake, lakini ukikatiza mbele ya kijiwe huku kamba ya raba inaburuzika nyuma kama mkia wa kenge, basi brazameni umekwisha. Utasikia tu, "Kaka, kamba hiyo!" na kijiwe kizima kinageuka kukutazama.

Masista du nao hawajapona. Raba siku hizi zinatinga kila mahali, na suruali, na gauni, mpaka kwenye shughuli za watu. Sasa kamba ikufungukie katikati ya Mtaa wa Msimbazi, mkoba begani, simu sikioni, gauni limebana na watu wanakupiga vikumbo, hapo kuinama ni mtihani mwingine kabisa.

Wengi huliona ni jambo dogo. Inama, funga, endelea na safari. Hatua mia mbili mbele umeinama tena. Ukiuliza sababu, mmoja atakwambia kamba ni feki, mwingine atakwambia hukuvuta kwa nguvu, wa tatu atakushauri upige fundo juu ya fundo mpaka jioni uje kulifungua kwa meno.

Mimi nasema hapana. Mara nyingi tatizo si nguvu za mikono. Tatizo ni upande. Upo upande wa kupitisha kamba unaofanya fundo likamate, na upo upande unaofanya fundo lilegee. Tofauti yake unaweza kuijua leo hii, kabla hujalikunja gazeti hili.

Si ubitozi tu

Kuna kijana mmoja wa mtaani kwetu, jina lake naliweka kapuni. Ni golikipa, tena mzuri. Wazee wa mtaa walikuwa wameanza kusema huyu atafika mbali, na kweli timu moja kubwa ikamwita kwenye majaribio Jumamosi.

Alhamisi yake jioni alikuwa anarudi nyumbani na daladala. Lile basi halikusimama, lilipunguza mwendo tu, na mambo ya makonda wetu mnayajua: "Haya shuka, mguu wa kushoto, mguu wa kushoto!" Kijana akaruka. Asichokijua ni kwamba kamba ya raba yake ilikuwa imefunguka zamani, na abiria aliyebanana naye mlangoni alikuwa ameikanyaga. Mwili ukatoka, mguu ukabaki. Akaanguka kwa mikono.

Mkono wa kulia ulivunjika pale kwenye kiwiko cha kiganja. Akafungwa hogo, wiki sita. Golikipa na hogo! Jumamosi ikapita, timu ikapata kipa mwingine, na mpaka leo hakuna aliyempigia simu tena.

Tunaweza kumlaumu dereva, konda, hata yule abiria, na kila mmoja ana fungu lake. Lakini dereva hufungi wewe. Kamba unafunga wewe.

Na si kwenye daladala tu. Kamba ndefu inayoning'inia inaweza kuingia kwenye mnyororo wa baiskeli au kwenye spoki za bodaboda, na hapo hakuna muda wa kusema "subiri kidogo". Kwenye majengo yenye ngazi za umeme ni hivyo hivyo: ngazi ikishaimeza kamba, inavuta na kiatu. Mafundi wa viwandani wanaofanya kazi karibu na mashine zinazozunguka hukatazwa kuacha kitu chochote kikining'inia mwilini, na kamba ya kiatu imo.

Wataalamu wakaingia kazini

Usidhani hili ni suala la vijiweni peke yake. Mwaka 2017 wahandisi watatu wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, Marekani, walichapisha utafiti mzima kuhusu kufunguka kwa kamba za viatu. Walikuwa Christopher Daily-Diamond, Christine Gregg na profesa Oliver O'Reilly. Utafiti wao ulitoka kwenye jarida la Royal Society ya London, chombo kile kile cha wasomi ambacho Isaac Newton aliwahi kuwa rais wake. Kwa hiyo ukimwona mtu anasoma habari za kamba za viatu, mheshimu.

Walichofanya ni hiki. Gregg alivaa raba akakimbia kwenye mashine ya mazoezi, huku kamera yenye uwezo wa kupunguza mwendo imeelekezwa kwenye fundo. Wakaona mambo mawili yanayofanyika kwa pamoja.

La kwanza ni kishindo. Kila unapokanyaga, kiatu kinagonga chini kwa nguvu inayofika kama mara saba ya nguvu ya mvutano wa dunia. Kishindo hicho kinaingia moja kwa moja kwenye fundo: linatanuka, linarudi, linatanuka, linarudi. Kidogo kidogo linalegea.

La pili ni mrusho. Mguu unapokwenda mbele na kurudi nyuma, ncha za kamba pamoja na yale masikio mawili hurushwa kama mjeledi. Kila zikirushwa zinavuta kamba kutoka ndani ya fundo.

Sasa unganisha hayo mawili. Fundo limeshalegea, ncha zinavuta. Kamba inaanza kuteleza. Ikiteleza kidogo, ncha inakuwa ndefu zaidi, na ncha ndefu inavuta kwa nguvu zaidi. Ndiyo maana unaweza kutembea nusu saa nzima kamba imetulia, halafu ghafla, ndani ya hatua mbili tatu, yote iko chini. Haikuanza kufunguka pale ulipoiona. Ilianza siku nyingi, kwa maana ya hatua nyingi.

Jambo lililonifurahisha ni kwamba wale watafiti walijaribu kutenganisha hayo mawili. Ukikaa mezani ukabembeza miguu tu, kamba haifunguki. Ukisimama mahali pamoja ukapiga kwata tu, haifunguki vile vile. Lazima vyote viwili vikutane. Ni kama ugomvi wa mtaani: mmoja akichokoza na mwenzake akanyamaza, ngumi hazirushwi.

Wakaongeza tena uzito kidogo kwenye ncha za kamba, na mafundo yaliyofunguka yakaongezeka. Wewe unayeacha ncha ndefu zinacheza cheza kama mashada, umesikia hiyo?

Fundo la bibi na fundo la skauti

Sasa tufike kwenye kiini chenyewe. Fundo la kiatu unaliona moja, lakini ukweli ni mawili, moja juu ya jingine. La kwanza ni pale unapopishanisha kamba mbili, ukaingiza moja chini ya nyingine ukavuta. La pili ni pale unapotengeneza masikio.

Kama mafundo yote mawili yamezungushwa kuelekea upande mmoja, unapata kitu ambacho Waingereza wanakiita fundo la bibi. Bibi zetu wasikasirike, jina nimelikuta. Fundo hili limejinyonga, halitulii, na kila likitikiswa linazidi kulegea.

Kama fundo la pili limezungushwa kinyume na la kwanza, unapata fundo lililolala sawasawa. Mimi naliita fundo la skauti, maana hilo ni miongoni mwa mafundo ambayo skauti hufundishwa mwanzo kabisa. Mabaharia wanalijua. Madaktari wa upasuaji nao hufundishwa kufunga nyuzi kwa kupishanisha hivyo hivyo, moja huku, nyingine kule. Daktari hawezi kukushona tumbo kwa fundo la bibi halafu akakwambia nenda salama.

Wale wa Berkeley walikuta fundo la bibi linashindwa upesi kuliko lile jingine. Sababu ya ndani hawakuweza kuieleza yote. Mwaka 2020 wenzao wa chuo cha MIT, nao wa Marekani, wakiwemo Vishal Patil, Jörn Dunkel na Mathias Kolle, walitumia nyuzi maalumu zinazobadilika rangi zikivutwa, wakaweza kuona ni wapi ndani ya fundo panabanwa. Kwa lugha ya mtaani walichokuta ni kwamba kwenye fundo zuri nyuzi zinajisokota kwa kupingana, kila moja inamzuia mwenzake. Kwenye fundo la bibi zinajisokota zikisaidiana, kwa hiyo zinabingirika na kuachia.

Jipime mwenyewe

Hapo ulipo, tazama kiatu chako. Masikio ya fundo yamelalaje?

Kama yamelala kukatiza kiatu, moja linatazama kushoto na jingine kulia, hongera, wewe ni skauti hata kama hukuwahi kuvaa skafu.

Kama yamesimama kufuata urefu wa kiatu, moja linatazama vidoleni na jingine linatazama ugokoni, hilo ni la bibi. Kama huna uhakika, shika zile kamba chini ya fundo, pale zinapotoka kwenye matundu, uzivute pande mbili. Fundo la bibi litajigeuza hapo hapo na kusimama wima.

Dawa yake ni rahisi mpaka inachekesha. Fuata hivi.

Kwanza, fungua kamba uanze upya polepole. Angalia ile hatua ya mwanzo kabisa: mikono yako inapitisha kamba ipi juu? Ya kushoto juu ya ya kulia, au ya kulia juu ya ya kushoto? Wengi hawajui, maana mikono inafanya yenyewe tangu darasa la kwanza.

Pili, geuza hatua hiyo tu. Kama ulikuwa unaanza na kushoto juu, anza na kulia juu. Ingiza chini, vuta.

Tatu, tengeneza masikio kama ulivyozoea siku zote. Usibadilishe kitu kingine chochote! Ukigeuza hatua ya mwanzo na ya masikio nayo ukaigeuza, umerudi kule kule kwa bibi.

Nne, kaza kwa kuvuta masikio yenyewe, si ncha. Ukivuta ncha unafungua.

Siku za mwanzo mkono utakataa. Utajiona kama unaandika kwa mkono usio wako. Vumilia siku chache, utazoea. Mwaka 2005 jamaa mmoja anayeitwa Terry Moore alipanda kwenye jukwaa la mikutano ya TED kule Marekani akatumia dakika kama tatu tu kuwafundisha watu wazima jambo hili hili. Video yake imetazamwa dunia nzima, na wengi wa waliokuwa wamekaa pale ni wasomi wenye vyeo vyao.

Mimi sikutaka kuamini kwa kusoma tu. Nilichukua raba zangu za mtumba, zile zenye kamba za nailoni zinazong'aa, kiatu cha kushoto nikafunga la bibi, cha kulia nikafunga la skauti, kwa kuvuta nguvu ile ile. Nikaanza safari kwa miguu Magomeni Mapipa kwenda Kariakoo. Cha kushoto kilifunguka kabla sijamaliza Jangwani. Nikafunga tena, kikafunguka pale Faya. Cha kulia nilikifungua mwenyewe nilipofika, tena kwa kuvuta ncha mara moja tu. Hilo ndilo zuri lake: halifunguki ovyo, lakini ukilitaka linafunguka.

Kamba nazo zina tabia

Ukishapata upande sahihi, yapo mambo mengine madogo ya kuongeza.

Kamba bapa za pamba zinakamata kuliko kamba za duara za nailoni, maana pamba ina mikwaruzo na nailoni inateleza. Ukinunua raba za mtumba zimetiwa kamba mpya zinazong'aa, jua zinaweza kukusumbua. Kama unazipenda hivyo hivyo, kuna mbinu ambayo hata wakimbiaji hutumia: unapotengeneza sikio la kwanza na kulizungushia kamba ya pili, usizungushe mara moja, zungusha mara mbili, ndipo upitishe sikio la pili. Fundo linakuwa na mikato zaidi, na bado linafunguka kwa kuvuta ncha. Hilo ni bora kuliko fundo juu ya fundo linalokufanya ulale na viatu.

Ncha zisiwe ndefu kupita kiasi. Kama kamba ni ndefu, nunua fupi, au ingiza ncha ndani ya kiatu pembeni ya ulimi. Kile kiplastiki cha ncha kikitoka, kamba ya nailoni ichome kidogo kwa kiberiti, ya pamba itie gundi au rangi ya kucha ya dada. Ikikauka inapita kwenye tundu bila kukupotezea muda.

Halafu lile tundu la mwisho kule juu, ambalo wengi wanadhani ni pambo. Raba nyingi za michezo zinalo, limekaa nyuma kidogo ya mengine. Kazi yake ni kuzuia kisigino kisicheze. Pitisha kamba ya kila upande kwenye tundu la upande huo huo ili kibaki kitanzi kidogo. Kisha kamba ya kushoto ipite ndani ya kitanzi cha kulia, na ya kulia ndani ya kitanzi cha kushoto. Vuta, halafu funga fundo lako. Kiatu kinashika kifundo cha mguu, na fundo nalo linapata pumziko kwa sababu kiatu hakichezi.

Namna ya kupitisha kamba kwenye matundu yenyewe usihangaike sana. Mwaka 2002 mwanahisabati Burkard Polster wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, aliipigia hesabu katika jarida la Nature akakuta kwamba njia zenye nguvu kuliko zote ni zile mbili tulizozikuta kwa wazee wetu: ya kukatisha msalaba na ya kunyoosha. Watu wamekuwa wakifunga viatu muda mrefu, bwana. Huko Armenia, kwenye pango la Areni, mwaka 2008 kilipatikana kiatu cha ngozi chenye umri wa miaka kama 5,500, na kamba yake ya ngozi ilikuwa bado imo kwenye matundu.

Mastaa nao yamewakuta

Najua kuna mbishi atasema, "Mbona Usain Bolt alishinda kamba ikiwa wazi?" Ni kweli. Agosti 16, 2008, fainali ya mita 100 Olimpiki ya Beijing, kamba ya kiatu chake cha kushoto ilikuwa imefunguka na bado akaweka rekodi ya dunia ya sekunde 9.69. Lakini ndugu yangu, Bolt alimaliza mbio zake kwa hatua kama 41, kwenye njia yake peke yake. Wewe unatoka Buguruni mpaka Posta, na nyuma yako kuna watu arobaini wanagombea mlango.

Marekani kwenye mpira wa kikapu kamba imewahi kuwa ghali. Januari 2014 mchezaji J.R. Smith wa New York Knicks aliinama kama mtu anayejishughulisha na mambo yake, akamfungua Shawn Marion wa Dallas Mavericks kamba ya kiatu wakati wanasubiri mtupo huru. Ligi ya NBA ikamwonya. Mechi iliyofuata akanyoosha mkono kwenye kiatu cha Greg Monroe wa Detroit Pistons. Akalimwa faini ya dola 50,000. Kwa fedha hizo angefungua duka zima la raba Karume.

Kwenye soka sheria namba 4 inasema mchezaji akivukwa na kiatu kwa bahati mbaya, lazima akivae tena kabla au mara tu mpira utakapotoka mchezoni. Maana yake ni kwamba mwamuzi hapulizi filimbi ili kukusubiri wewe ufunge kamba. Mshambuliaji anakuja, wewe umepiga goti. Mtajijua.

Na wale wa fasheni ya kuacha kamba wazi makusudi, siwakatazi. Run-DMC wa New York walivuma miaka ya 1980 na raba za Adidas zisizo na kamba hata moja, ulimi umesimama nje, na mwaka 1986 wakaziimbia kabisa. Lakini wao walizitoa kamba zote. Unataka staili, toa. Hutaki kutoa, funga. Hii ya kuziacha zikifagia barabara si Run-DMC, ni kumsaidia jiji kazi ya usafi.

Mwisho niwaombe kaka na dada mlio na wadogo zenu nyumbani. Mtoto anajifunza kufunga kamba mara moja, na mkono ukishashika unashika kwa miaka hamsini. Ukimfundisha leo, keti upande wake, mtazame kule anakotazama yeye, umwoneshe masikio yaliyolala. Usikae mbele yake, maana anakuona kinyume na anaweza kuchanganyikiwa.

Haya, weka gazeti chini, inama kidogo. Masikio yamelala au yamesimama?